Aliyekaa Mwano Ulipopigwa

Sheria ya mwano ni nzuri, na naanza kwa kuisifu kwa sababu baadaye nitaipinga. Kwetu Usukumani mwano ni ule ukelele mrefu unaopigwa mtu anapovamiwa, ng'ombe wanapoibwa au moto unaposhika nyumba. Ukiusikia unaacha ulichoshika. Kama ulikuwa unakula unaacha ugali, kama ulikuwa unaoga unajifunga kitambaa, unakimbilia kule sauti ilikotoka, na njiani nawe unaupiga ili wa mbali zaidi wasikie. Hakuna gari la zimamoto linaloweza kufika kijijini kwetu haraka kama majirani wanavyofika. Nimekua nikiona watu wakiokolewa hivyo. Asiyekimbia bila sababu huhojiwa na sungusungu, walinzi wa kijiji, na akirudia hutengwa.

Aliyetengwa hasalimiwi. Haazimwi jembe, hapewi moto wala maji, na akifiwa atachimba kaburi mwenyewe. Anayemhurumia naye hutengwa. Kwa kawaida mtu wa namna hiyo huhama. Hafukuzwi na yeyote, anafunga mizigo yake mwenyewe, na kijiji kinabaki kinajiona hakijamfanyia mtu ubaya.

Mdogo wangu alitengwa, na hakuhama. Ili nieleze ilivyokuwa, lazima nianze na ghala.

Kijiji chetu kiko upande wa Kasoli, ambako maisha ya watu yanapanda na kushuka na pamba. Mwaka ule mvua iligoma kuondoka. Vitumba vilikuwa vimeshapasuka, mashamba yameshakuwa meupe, na bado mawingu yalikuwa yanakuja jioni kama mgeni asiyejua kuaga. Siku ya kupima pamba tulijaa kwenye ghala la kununulia. Mimi nilikuwa nimetoka Bariadi mjini, ninakofundisha shule ya msingi, kuja kumsaidia mama kubeba yake. Upepo ulipoanza, na mvua ya mawe ikaufuata, wote tuliokuwa nje tulikimbilia ndani. Nakumbuka tulishukuru. Mwanamke mmoja alisema, "Afadhali bati la watu wengi." Halafu upepo ukaling'oa lile bati, na ukuta wa upande wa magharibi ukatulalia.

Mimi na mdogo wangu tulikuwa karibu na lundo la pamba. Pamba ilizuia ukuta usitusage, na pamba hiyohiyo ikatuziba pua na mdomo. Mimi nilivutwa nje mapema. Yeye alibaki chini kwa muda mrefu, amemshika mkono rafiki yake ambaye ukuta ulikuwa umemkandamiza kifuani. Walikuwa wa kikundi kimoja cha kulima, wamekua pamoja, wamechunga pamoja. Nje mtu alikuwa anapiga mwano. Wote wawili walikuwa wanausikia. Mdogo wangu alipotolewa bado alikuwa ameshika ule mkono, na ilibidi watu wamfungue vidole.

Aliyekuwa anapiga mwano nje ni jirani yetu, kaka yake huyo rafiki. Alipiga mpaka sauti ikakatika. Mvua ilikuwa inaimeza. Watu wa vitongoji vya mbali walifika jua likiwa limeshatoka tena, wakauliza kwa nini hakuna aliyewaita.

Hao ndio watu wa habari hii: mama yangu, mdogo wangu, jirani yetu na mimi. Ukuta ulikuwa mmoja. Watu wengi hudhani basi na maumivu yatakuwa ya aina moja, kama vile watu walionyeshewa na mvua moja wote hulowa. Mimi nilifikiri hivyo pia, na kazi yangu ni kufundisha.

Mama alitoka na goti lililochunika na kandambili ya mguu mmoja. Tangu siku ile akawa anasimulia. Alisimulia sokoni, alisimulia kanisani, alimsimulia muuza dagaa aliyekuja kuuza dagaa. Alikuwa na mahali pa kupumzika na mahali pa kucheka, na kila mara alianzia mwanzo. Kitu kimoja tu kilibadilika: hakukaa tena chini ya bati. Nyumba yake ya bati aliiachia kuku na magunia, akahamia kwenye jiko la nyasi. Nilipomsihi arudi ndani aliniambia, "Mwalimu, bati likiniangukia litanichinja. Nyasi zikiniangukia zitanitekenya tu."

Jirani yetu hakuweza tena kutulia. Alikaa akitazama njia, alikula amesimama, kila kishindo kilimgeuza shingo. Uchaguzi wa sungusungu ulipofika watu wakamfanya kamanda, maana nani alikuwa macho kama yeye? Akapewa filimbi, akaivaa shingoni. Baada ya hapo tukaishi na mwano. Ulipigwa kwa ajili ya mbwa. Ulipigwa kwa ajili ya pikipiki ya mgeni aliyepotea njia, na kwa ajili ya mlango wa mtu uliogongwa na upepo. Watu walichoka, ila walimsifu. "Kamanda wetu halali," walisema, na kwao hiyo ilikuwa sifa.

Mdogo wangu hakulia msibani. Alishiriki kuchimba kaburi la rafiki yake, akala chakula cha msiba, kesho yake akaenda shambani. Wakamwita mwanaume kweli. Mkewe ndiye aliyeona mapema. Aliniambia siku moja tukichambua mchele, "Wifi, yupo lakini hayupo. Mtoto akimrukia mgongoni anamshika kama mtu aliyeombwa kushika mzigo wa abiria mwenzake."

Mimi nilikuwa mzima kabisa. Nilipeleka majeruhi hospitali, niliandika majina ya waliohitaji magodoro, nilirudi darasani, nikafundisha sehemu na desimali mpaka wanafunzi wakazielewa. Nilijiona nimebahatika. Kisha, mwaka mzima ukiwa umepita, nilikuwa natembea mtaani Bariadi mchana, mfuko wa nyanya mkononi, nikampita fundi anayeshona mito. Alikuwa anapiga pamba kwa fimbo ili ilainike. Nyuzinyuzi zikapeperuka juani zikanigusa usoni. Kilichofuata ni kwamba nilikuwa nimekaa chini barabarani, mdomo wazi, hewa haipiti, na mama muuza maandazi ananimwagia maji kichwani huku akiwaambia watu, "Ni kifafa, msimguse."

Haikuwa kifafa. Nilikwenda hospitali, nikaelekezwa chumba cha afya ya akili, na hapo nilimkuta muuguzi mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya. Alinisikiliza bila haraka.

"Hofu hii imeanza lini, mwalimu?"

"Leo."

"Na ukuta uliwaangukia lini?"

"Mwaka jana."

Akatabasamu. "Basi mwili wako ulikuwa unasubiri umalize kazi za watu."

Nikamuuliza inawezekanaje mimi nianguke sasa, mama asimulie kila siku, na mdogo wangu asihisi chochote. Alinieleza kwa lugha ambayo ningeweza kumpa mtoto wa darasa la tatu, na kwa sababu hiyo bado nakumbuka. Alisema mtu akipatwa na hatari kubwa, mwili hauulizi akili. Unakimbia, au unapigana, au unakauka kama mjusi aliyekamatwa. Hatari ikipita, mwili wa mmoja unapata habari kwamba imepita, wa mwingine haupati. Ndiyo maana mmoja anaendelea kulinda mlango ambao hakuna anayeuvunja. Mwingine anazima kila kitu ndani, na ukizima hofu unazima na furaha, maana zote zinatumia waya mmoja. Mwingine anarudishwa pale pale na harufu au sauti, kana kwamba hakuwahi kuondoka. Mwingine anakwepa kila kinachomkumbusha. Kuna ambao haya yote yanawajia kwa pamoja, kuna ambao yanachelewa, na wengi, wakiwa na watu wao na muda, hupona bila hata kujua kwamba waliumwa.

"Na aliyezima," nikauliza, "ni dhaifu kuliko anayelinda?"

"Hapana. Wala anayelinda si hodari kuliko aliyezima. Wametoka kwenye jumba moja kwa milango tofauti."

Alinifundisha namna ya kupumua, na kutaja kwa sauti vitu ninavyoviona mbele yangu mpaka mwili ukubali kwamba niko hapa na leo ni leo. Nikawa narudi kwake kila ilipowezekana. Nilimwambia mdogo wangu naye aende. Akajibu, "Mimi siumwi, dada," kwa sauti ileile ambayo angeniambia kwamba jembe halina mpini.

Msimu wa kuvuna ulipofika tena, siku moja mchana mwano ukapigwa. Ng'ombe wa mtu walikuwa hawaonekani bwawani. Wanaume walikimbia wakapita kwenye shamba la mdogo wangu, wakamkuta amekaa chini katikati ya mistari ya pamba, mikono juu ya magoti, anatazama mbele. Wakamwita. Hakugeuka. Walirudi baadaye, ng'ombe wakiwa wamepatikana wanakula mbazi za jirani, wakamkuta bado amekaa vilevile. Haikuwa mara yake ya kwanza. Alihojiwa, akasema, "Nilisikia." Wakamuuliza kwa nini basi hakukimbia. Akarudia neno lilelile. Kwa sungusungu jibu hilo lilikuwa dharau tupu. Mtu asiyesikia husamehewa. Huyu alisikia akakaa.

Wifi yangu alikuja mjini kunipa habari. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya nyumba ninayopanga, mtoto mgongoni.

"Wifi, tumetengwa."

"Nani katengwa?"

"Sisi. Hata kuku wetu, nadhani. Jana jogoo wa jirani aliingia uani, wakamwita arudi."

Tulicheka, kisha akalia. Kikundi cha kulima kilikuwa kimejitoa. Pamba ilikuwa imekomaa shambani, na pamba haisubiri: isipochumwa kwa wakati inaanguka, inashika udongo, inakuwa fifi ambayo hakuna anayeitaka. Wazazi wake wa Kimali, huko Meatu, walikuwa wameshampigia mdogo wangu simu. Walimwambia kuna ardhi, kuna ng'ombe wa kuchunga, aje aanze upya. Naye alikuwa ameanza kukusanya vitu.

"Anataka kwenda?" nikauliza.

"Hataki wala hakatai. Mumeo akiwa hivyo, utajuaje?"

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira, na niseme wazi kwamba ilikuwa hasira njema. Nilimwona mdogo wangu akifika Kimali, mwano unapigwa huko pia, kwa kuwa unapigwa kote, naye anakaa chini mbele ya watu wasiojua ghala wala ukuta. Huko asingekuwa mtu aliyepatwa na jambo. Angekuwa mgeni mwenye dharau. Angetengwa tena, akahama tena. Ilibidi jambo hili limalizwe pale lilipoanzia.

Shule zilikuwa zimefungwa. Nikaenda.

Mama alikuwa ameshanitangulia. Alikuwa amebeba chungu chake, mkeka na kigoda, akatoka kwenye jiko lake la nyasi akavuka njia kuu saa ambayo watu wote wanaona, akaenda kukaa uani kwa mwanawe. Katibu wa sungusungu alimfuata kumkumbusha sheria. Mama akamwambia, "Mimi nimelitenga bati mwaka mzima, wala sijafa. Nanyi nitengeni."

Mdogo wangu nilimkuta amekaa kwenye mzigo uliofungwa kwa kamba. Nilimwambia afungue, nahitaji kamba ya kufungia gunia. Aliitazama kamba, akanitazama mimi, akaifungua. Nilianza na hilo tu. Ukimsihi mtu aliyezima kila kitu, maneno yanapita juu yake. Ukimpa kazi ya mkono, mkono unaikumbuka.

Kesho yake asubuhi tukaingia shambani: yeye, mkewe, mama na mimi. Wasomaji ambao hamjawahi kuchuma pamba, fikirieni kuvua soksi za watoto elfu ambao hawataki kuvuliwa. Na mimi nilikuwa na jambo langu jingine. Nyuzinyuzi zilinifikia puani kabla sijamaliza mstari. Kifua kikaanza kubana. Nikafunga kanga usoni, nikasimama, nikataja kwa sauti: jembe, mbuyu ule, mama, ndoo ya bluu, mama, ndoo.

"Umeshanitaja mara mbili," mama akasema.

"Kwa sababu u mkubwa, mama."

Mdogo wangu alisimama akinitazama. Nilidhani haoni kitu. Kisha akauliza, "Hiyo ndiyo inayokupata?"

"Hii."

"Kila mara?"

"Siku hizi si kila mara. Na ikija nasimama, inapita, naendelea."

Alihama mstari wake akaja kuchuma mbele yangu, upande upepo unakotokea, ili nyuzi zimpige yeye kwanza. Wifi yangu aliona. Alinigusa mkono.

Kamanda alikuja siku ya pili, akasimama mpakani mwa shamba, filimbi shingoni.

"Mwadila, mwalimu," alisema, kisha akakumbuka kwamba aliye ndani ya shamba lile hasalimiwi. Akafunga mdomo.

"Umeshasalimia," mama akamwambia. "Sasa nenda ukajitenge."

"Mayu, mimi sina ugomvi na wewe."

"Huna? Basi ingia ushike mstari huu, mgongo unaniuma."

Hakuingia. Akaniambia mimi niliyesoma nimweleze mdogo wangu aondoke kwa amani, watu wameshaamua. Nilimwambia mdogo wangu anaumwa. Nilimweleza kama nilivyoelezwa, taratibu, kuhusu mwili ambao haukupata habari. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa.

"Ugonjwa gani unaochagua, mwalimu? Analima. Anakula. Mwano ukipigwa tu ndipo anaumwa?"

"Ndiyo, hasa mwano. Siku ile ya ghala aliusikia akiwa wapi?"

Uso wake ukabadilika. "Ukuta ule ulimchukua mdogo wangu mimi, si wako. Na mimi nimekaa chini? Nikisikia nakimbia."

"Unakimbia, kamanda. Na usiposikia pia unakimbia. Unalala?"

"Usiku ni wa kulinda."

"Na mchana?"

Akageuka akaenda zake, na hata kwa mbali niliona anavyogeuza shingo kwa kila ndege aliyeruka.

Siku zilizofuata hakuna aliyepita karibu nasi. Watoto waliokuwa wakicheza na mtoto wa wifi walishikwa mikono wakaondolewa. Tulichuma. Mchana tulikula michembe, vile viazi vya kukausha, tukazungumza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika ili wanaopita njiani wasikie kwamba tupo. Wazo hilo lilikuwa la mama. Alisema mtu aliyetengwa akinong'ona amekubali.

Kisha mke wa kamanda akaja. Hakupita vichochoroni. Alikuja na njia kuu saa ya wanawake kwenda kisimani, beseni kichwani, akasimama mbele ya ua wa mdogo wangu akapiga hodi kwa sauti kamili. Akakaa kwenye kigoda cha mama bila kuambiwa.

"Naomba maji."

Wifi yangu alisita. "Dada, ukinywa hapa unajua..."

"Nina kiu."

Akaletewa kopo, akanywa yote, akaligeuza chini juu ili wanaotazama waone kwamba limekwisha. Halafu akanigeukia.

"Ulimuuliza mume wangu kama analala. Alirudi akanifokea eti nimekusimulia mambo ya nyumbani. Mimi sijakuambia neno. Umejuaje?"

"Nimejua kwa sababu nami naumwa."

Maneno yakamtoka kwa mfululizo, kana kwamba alikuwa ameyashikilia kwa meno. Alisema mumewe hulala amekaa, mgongo kwenye mlango. Alisema paka akidondosha kifuniko nyumba nzima inaamshwa. Watoto wake wanatembea kwa ncha za vidole kama wezi ndani ya nyumba yao. "Nilifikiri ni ukali wa cheo. Nikasema kipindi chake kikiisha atapoa. Lakini huyu hapoi, mwalimu. Huyu anaungua. Kuna dawa?"

Nilimwambia kuna watu wa kuzungumza nao Bariadi, na wakati mwingine kuna vidonge pia, na kwamba si jambo la siku moja. Nilimwambia mumewe na mdogo wangu wanaumwa kitu kimoja. Mmoja kimemfunga miguu, mwingine kimemnyima kutulia. Kijiji kimempa mmoja filimbi na kumnyima mwingine maji.

"Basi wote wawili wapelekwe," akasema, kana kwamba anazungumzia ndama.

Mkutano uliitishwa kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Ulikuwa wa kuamua kuhusu mama na mimi. Watu walikaa chini, viongozi kwenye benchi. Katibu akaeleza kwamba sheria iko wazi: aliyekula au kunywa kwa mtu aliyetengwa naye ametengwa. Akatutaja. Ndipo mke wa kamanda akanyoosha mkono katikati ya wanawake.

"Umenisahau. Nami nilikunywa."

Kutoka nyuma mzee mmoja, ambaye kila mkutano ana lake, akauliza kwa upole, "Katibu, naomba mwongozo. Kamanda wetu anakula chakula cha nani?"

Watu walicheka mpaka benchi la viongozi likatikisika. Kamanda hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kusema, nilikuwa na maelezo yangu yote kichwani yamepangwa kama somo. Sikuyasema, kwa sababu mdogo wangu alisimama.

Hakuwa amezungumza mbele ya watu tangu mwaka wa ghala.

"Sikuja kuomba msamaha," alisema. "Mwano nausikia kuliko ninyi. Ninyi mnausikia mkiwa juu ya ardhi. Mimi kila ukipigwa niko chini tena, na miguu sina. Si kwamba nakataa kukimbia. Sina miguu mpaka unyamaze. Dada yangu anasema ni ugonjwa. Mimi najua tu kwamba ndivyo kulivyo. Mkitaka kunitenga, nitengeni. Pamba yangu nitaichuma mwenyewe. Kimali siendi. Nikifa nitafia hapa, mtaniruka mkienda kisimani. Sihami."

Alitaka kukaa, kisha akabaki amesimama. Akamtazama kamanda.

"Alisikia," akasema.

"Nani?"

"Mdogo wako. Ulipokuwa unapiga. Aliniambia, 'Huyo ni kaka. Anatuitia watu.' Kila ulipopiga alikuwa ananibana mkono. Nilishindwa kukuambia. Mdomo ulikuwa unakataa."

Kamanda alikuwa ameshika filimbi. Mwaka mzima na zaidi aliamini sauti yake ilimezwa na mvua, kwamba alipiga na hakuna aliyesikia. Alifunika uso kwa mikono miwili na mabega yakaanza kumtikisika, pale pale kwenye benchi, mbele ya kijiji chote. Hakuna aliyecheka. Mama aliinuka akaenda kusimama kati yake na macho ya watu, amejitanda kanga ikawa pana kama pazia, mpaka alipomaliza.

Mkutano ukafungwa bila uamuzi. Katibu alitaka kujua aandike nini, akaambiwa aandike kwamba mvua inakaribia.

Sitaki kuwadanganya kwamba kila kitu kilipona. Hakuna aliyetangaza kwamba mdogo wangu amefunguliwa, wala hakuna aliyekuja kuomba radhi, hata kamanda mwenyewe. Watu waliacha tu kutii. Kamanda sasa huja Bariadi mara kwa mara na pikipiki. Kijijini anasema anafuata vipuri. Nimemwona kwenye benchi la hospitali akisubiri zamu, naye ameniona, tukasalimiana kama watu wanaofuata vipuri. Mdogo wangu naye huja, siku nyingine, kwa kuwa hawataki kukutana pale. Mama hataki hata kidogo. Anasema yeye ana watu wa kuwasimulia, na kwake hilo limetosha, na muuguzi aliponisikia nikilalamika alisema huenda mama yuko sahihi.

Kwa anayesoma hapa na nyumbani kwake yuko mmoja asiyelia, au mmoja asiyelala, au mmoja aliyeanguka wakati wenzake wameshasahau: usimpime kwa jirani yake. Muulize kwake kukoje, kisha kaa usikilize hata kama jibu lake litachelewa mwaka mzima. Na wakikwambia unamdekeza, waambie waje na ndoo wasaidie kuchuma.

Asubuhi ya siku iliyofuata mkutano tulifika shambani tukakuta mistari ya mbali imeshaingiliwa. Kikundi cha kulima kilikuwa pale, wake kwa waume, hawajasema hodi, wanabishana nani amechukua mstari mfupi. Mdogo wangu alisimama mpakani akiwatazama. Mmoja wao alikuwa anachanganya pamba safi na ile iliyogusa udongo kwenye gunia moja, kwa uvivu tu.

"Wewe," mdogo wangu akamwita. "Hiyo pamba unayoiharibu ni ya baba yako?"

"Kumbe unaongea," yule akamjibu.

"Toa hiyo fifi. Yote. Nitaangalia."

Akaingia shambani kumkagua, na wifi yangu akaniambia niende nikachote maji, maana watu hao watataka kunywa.